Mada Imekamilika

Nina daftari moja la kazi ambalo sikulirudisha nilipoacha ualimu. Ndani yake kuna azimio la kazi la Jiografia, kidato cha kwanza, mwaka 2019. Pembeni kabisa, upande wa kulia, kuna safu nyembamba ya maoni. Wiki baada ya wiki, kwa mwandiko wangu mwenyewe, safu hiyo imejaa neno lile lile. Tulikuwa tukiliandika kwa Kiingereza, ila maana yake ni hii: mada imekamilika.

Ni uongo. Nilijua ni uongo nilipokuwa naandika, mkuu wa shule alijua alipokuwa anagonga muhuri, na mthibiti ubora aliyekuja kutukagua alijua alipokuwa anaweka alama ya vema. Kilichokamilika kilikuwa ni kuongea kwangu. Nilikuwa nimeshika chaki, nimeandika ubaoni, wanafunzi wamenakili, kengele imelia. Hicho ndicho tulichokiita mada, na hicho ndicho kilichokamilika.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia kila Januari, matokeo yakitoka, kwamba watoto wetu ni wavivu wa kusoma. Nilikuwa mmoja wa waliosema hivyo. Nilisema kwenye kikao cha wazazi, nimevaa tai.

*

Nilifundisha miaka mitatu, 2018 hadi 2020, katika shule moja ya kata mkoani Tanga, mahali ambapo ukitoka nje ya darasa unaiona milima ya Usambara ya Mashariki. Kidato cha kwanza tulikuwa na mikondo miwili. Mkondo wangu ulikuwa na wanafunzi 87. Vitabu vya kiada vilikuwepo, kimoja kwa wanafunzi wanne au watano, kwa hiyo kitabu halisi cha kila mtoto kilikuwa kaunta buku lake, na kaunta buku lilijazwa na mimi kutoka ubaoni.

Juni ile, baada ya mtihani wa muhula, binti mmoja alipata 14 kwa 100. Sitamtaja jina. Mama yake alikuwa anauza machungwa barabarani, na yeye mwenyewe alikuwa anakaa dawati la pili, hakosi kipindi. Nilimwita ofisini nikiwa nimejiandaa kugomba.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hii ndiyo maksi gani?"

Hakujibu. Nikamwambia alete daftari. Akaleta. Nikalifungua, na maneno niliyokuwa nimeyaandaa yakaniishia. Daftari lile lilikuwa zuri kuliko maandalizi yangu. Alikuwa amelivika jalada la karatasi ya kalenda. Vichwa vya habari vimeandikwa kwa peni nyekundu, vimepigiwa mstari kwa rula. Hakuna notsi hata moja iliyokosekana, hata za ile siku nilipotoa notsi haraka haraka ili niwahi basi.

"Ulisoma kweli?"

"Nilisoma mwalimu. Nilikesha."

"Hebu soma hapa nione unavyosoma."

Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Midomo ikawa inacheza bila sauti. Alipofika chini ya ukurasa akarudi juu.

"Halafu?"

"Halafu narudia, mwalimu. Mara tano."

"Ukishamaliza mara tano, unajuaje kama umeelewa?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la mtego. Ili kumsaidia nikamuuliza kuhusu mvua ya milima, mada ambayo safu yangu ya maoni ilikuwa imeshaitangaza kuwa imekamilika. Akaanza kunipa ufafanuzi kwa Kiingereza, neno kwa neno kama nilivyouandika mimi, akafika katikati, akakwama kwenye neno moja, na neno lile lilipopotea sentensi nzima ikaanguka. Nikamwonyesha dirishani. Wingu zito lilikuwa limelalia milima ya Amani, kama linavyofanya siku nyingi za mwaka. Nikamuuliza kwa Kiswahili: kule kunanyesha kwa nini, na hapa tulipo jua linawaka?

"Kwa sababu kule ni Amani, mwalimu. Amani kunanyesha kila siku."

Hakuwa anatania. Mvua ya milima aliyoinakili kwa peni nyekundu na mvua ya milima iliyokuwa inanyesha mbele ya macho yake vilikuwa vitu viwili visivyojuana. Hakuwa mvivu. Alikuwa amekesha na kitu ambacho hakuna aliyemwonyesha namna ya kukishika.

*

Kiswahili chetu kina neno moja linalobeba mizigo mitatu. Tunasema mtoto anasoma, tukimaanisha anatambua herufi. Tunasema anasoma, tukimaanisha ameandikishwa shule fulani. Na tunasema anasoma, tukimaanisha amekaa na kitabu anajaribu kukiingiza kichwani. Kusoma kwa kwanza tunakufundisha darasa la kwanza, na kuna watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Kusoma kwa pili tunakulipia sare, daftari na michango. Kusoma kwa tatu hakuna anayekufundisha. Tunadhani kunakuja kwenyewe, kama ndevu.

Jiulize wewe unayesoma makala hii, wewe uliyefika chuo. Nani alikufundisha kusoma kwa namna hiyo ya tatu? Mimi nilifundishwa na kaka yangu nikiwa kidato cha tatu, kwa bahati tu. Alinikuta narudia ukurasa, akaninyang'anya daftari, akasema: haya, niambie kilichoandikwa. Sikuweza. Akanirudishia dakika tano, akaninyang'anya tena. Tulifanya hivyo likizo nzima na nilimchukia kwa moyo wangu wote. Wengi wenu mna kaka wa namna hiyo, au dada, au baba mwalimu, au rafiki wa bwenini. Yule binti wa dawati la pili alikuwa mtoto wa kwanza kwao kukanyaga sekondari. Kaka wake alipaswa kuwa mimi, na mimi nilikuwa nawahi kumaliza silabasi.

*

Tuizungumze hiyo silabasi, maana wengi wanaitetea bila kuifungua. Tangu 2005 mtaala wetu wa sekondari unajitambulisha kuwa mtaala wa umahiri: kwamba hautazami mwanafunzi ameambiwa nini, unatazama anaweza kufanya nini. Maneno mazuri. Silabasi niliyokabidhiwa ilikuwa na safu ya malengo, safu ya mbinu za kufundishia, safu ya zana, safu ya upimaji, na mwisho safu ya idadi ya vipindi. Kwenye safu ya mbinu mliandikwa kwamba mwalimu awaongoze wanafunzi kujadili katika vikundi, wachunguze, wawasilishe. Sina ugomvi na safu hiyo. Ila katika miaka mitatu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari zake. Safu pekee iliyofuatiliwa ilikuwa ya vipindi. Vipindi sita kwa mada hii, vinane kwa ile. Mwaka una siku 194 za masomo, toa siku za mitihani, toa mahafali, toa ziara ya kiongozi, toa siku watoto walipokwenda kufyeka uwanja. Gawanya kilichobaki kwa mada. Hapo ndipo unapopata kiwango halisi cha elimu yetu, na kiwango hicho ni mwendo.

Kiwango cha mwendo kina sifa moja ambayo kila ofisi inaipenda: kinakaguliwa bila kumwona mtoto. Mthibiti ubora anaweza kukaa kwenye kiti cha mkuu wa shule, akafungua azimio la kazi langu, akalinganisha na daftari moja la mwanafunzi, akaona tarehe zinalingana. Daftari alilopewa siku ile lilikuwa la yule binti. Kwa nini lisiwe lake? Lilikuwa safi kuliko yote. Kwenye ripoti tulisifiwa.

Ukiniuliza ni wapi katika silabasi hiyo yote niliambiwa nimfundishe mwanafunzi kusoma aya moja na kutoa wazo lake kuu, au kuandika notsi zake mwenyewe badala ya zangu, au kujipima kabla ya kupimwa, nitakujibu kwamba sikupaona pakiwa na vipindi vyake. Kitu kisicho na vipindi shuleni hakipo. Kinaachiwa mwalimu wa ushauri, ambaye naye ana vipindi 28 vya Kiswahili.

Kinachojaza pengo hilo ni semina. Kila mwaka huja mtu na kipaza sauti. Wanafunzi 400 hukaa chini ya mwembe, naye huwaambia wawe na malengo, watengeneze ratiba, waepuke makundi, wasome kwa bidii. Hupiga makofi, huimba, humnyanyua mmoja aseme anataka kuwa rubani. Kisha mhamasishaji huondoka, na jioni yule anayetaka kuwa rubani hukaa na kaunta buku lake, huweka kidole mstari wa kwanza, na midomo huanza kucheza. Kumwambia mtu asome kwa bidii ilhali hajui kusoma ni kumwambia akimbie kwa bidii katika njia isiyofika popote. Mwenye bidii zaidi ndiye atakayechoka zaidi. Ndiye atakayekuja kuamini kwamba kichwa chake ni kibovu.

*

Nilichokosa kukijua kilikuwa kimeshaandikwa zamani, tena na watu waliopima. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo natamani kila mwalimu wa kidato cha kwanza alijue kwa moyo. Waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu kifupi cha kusoma. Kundi moja lilikisoma katika awamu nne. Kundi lingine lilikisoma katika awamu moja, kisha mara tatu likaandika kwenye karatasi tupu kila walichokumbuka, bila kukitazama tena. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walishinda. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliorudia walikumbuka asilimia 40, na waliojiandikia walikumbuka asilimia 61.

Lakini kilichonichoma ni jambo jingine. Walipoulizwa kabla ya kupimwa watakumbuka kwa kiasi gani, waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi. Kurudia ukurasa kunaufanya uwe mwepesi machoni, na wepesi huo mtu huudhania kuwa ni kujua. Yule binti hakunidanganya aliposema amesoma. Usiku ule, saa nane, kwa mwanga wa kibatari, alijua kabisa kwamba anajua.

Tena hatukuhitaji kwenda Marekani. Binti yule yule, jioni, alikuwa anakwenda chuoni, nikimaanisha madrasa. Kule alikuwa amevuka juzuu mbili. Nilimuuliza ustadhi anafundishaje, akaniona mtu wa ajabu. Utaratibu alionieleza kila mtoto wa pwani anaujua. Unafundishwa aya, unakwenda kuisoma mwenyewe, unarudi, unafunga msahafu, unasoma mbele ya ustadhi. Ukikosea unarudishwa. Kesho kabla ya aya mpya unaanza na ya jana. Ijumaa unaanza na za wiki nzima. Husongi mbele mpaka uliyopewa yamekaa.

Najua kuhifadhi si kuelewa, na sitaki Jiografia iwe ya kuhifadhi. Ninachosema ni kwamba ustadhi yule, asiye na azimio la kazi, alikuwa na kiwango kilichomhusu mtoto: unaweza au bado. Sisi wenye mihuri tulikuwa na kiwango kilichohusu kalenda. Mtoto mmoja, kichwa kile kile, jioni anajulikana kuwa hodari na asubuhi anajulikana kuwa mzito.

*

Julai 2019 nilianza kubadilika. Sikufanya jambo kubwa. Katika kila vipindi viwili vya mfululizo, yaani dakika 80, nilitenga dakika 20. Kumi za mwanzo tulisoma pamoja aya moja ya kitabu cha kiada, kwa sauti, tukivunja sentensi, kisha kila mmoja akaandika swali ambalo aya ile inalijibu. Kumi za mwisho niliwaambia wafunge daftari, wachukue karatasi, waandike au wachore walichokumbuka, kwa lugha yoyote. Halafu wafungue, walinganishe, waongeze kwa peni ya rangi nyingine walichokisahau. Basi.

Wiki ya kwanza walidhani ni adhabu. Wanafunzi wengi walitoa karatasi tupu, na wachache walilia, maana kwa mara ya kwanza walikuwa wanauona utupu huo kabla ya mtihani badala ya ndani yake. Wiki ya nne walikuwa wanabishana. Wiki ya sita kijana mmoja alichora Usambara: upepo unatoka baharini, unapanda mlima, unapoa, mvua inanyesha Amani, upepo unavuka mkavu, na ng'ambo ya pili akachora michongoma na kuandika Mkomazi. Hakukumbuka jina la Kiingereza la ule upande mkavu. Alikuwa ameielewa mvua.

Kufikia Oktoba nilikuwa nyuma kwa mada mbili.

Mwalimu wa taaluma aliniita. Hakuwa mtu mbaya, na ningependa uelewe hivyo. Alikuwa na fomu yake ya kujaza, na fomu yake ilikuwa na safu kama yangu. "Mwalimu," aliniambia, "hizo karatasi zako ni nzuri, lakini mtihani wa wilaya unatoka mada zote. Wakifeli watasema hukufundisha." Nilimwambia hizo mada mbili nikizikimbiza hakuna atakayezielewa. Akasema, "Lakini zitakuwa zimefundishwa."

Nilikubali. Hapa ndipo penye aibu yangu, na ndiyo sababu sikulirudisha lile daftari. Kwa wiki mbili niliwapa notsi za mada mbili, kurasa kwa kurasa, bila kusimama. Kwenye safu ya maoni nikaandika lile neno. Mtihani ulipokuja, maswali ya mada tulizozisoma kwa kufunga daftari yalijibiwa na wengi, vibaya au vizuri lakini yalijibiwa. Maswali ya zile mada mbili yalirudi matupu, au na vipande vya sentensi zangu zilizokatika katikati. Niliyasahihisha usiku mmoja, na kila karatasi tupu ilikuwa ni saini yangu.

*

Kisha ikaja Machi 2020. Shule zilifungwa tarehe 17 kwa sababu ya korona, na wanafunzi wetu hawakurudi hadi tarehe 29 Juni. Zaidi ya miezi mitatu. Mijini watu walizungumza habari za masomo ya redio, runinga na mtandao. Kwetu mtoto alibaki na kaunta buku lake. Hapo ndipo tulipopewa, bila kuomba, mtihani wa kweli wa mtaala wa umahiri: mtoto akiachwa peke yake na maandishi, anaweza kufanya nini?

Waliporudi niliwauliza. Wengi walisema hawakusoma, na waliosoma walisema walirudia. Yule binti, ambaye sasa alikuwa kidato cha pili, alifungua nyuma ya daftari lake. Kulikuwa na kurasa nyingi za mwandiko usio mzuri, zenye masahihisho ya rangi nyingine. Alikuwa amefunga daftari na kuandika, akafungua na kusahihisha, peke yake, kwenye meza ya machungwa. Ila alikuwa amefanya hivyo kwa Jiografia tu. Nilipomuuliza kwa nini hakufanya hivyo kwenye Biolojia au Historia, alisema, "Mwalimu, kule hatujafundishwa."

Novemba alifanya upimaji wa kidato cha pili. Jiografia alipata 41. Masomo mengine mengi alianguka, matokeo hayakutosha, akatakiwa kurudia darasa. Januari alikuja shuleni siku moja, bila sare, kurudisha kitabu cha shule. Nyumbani walikuwa wameamua vingine. Alinisalimia, akanikabidhi kitabu, akasimama kidogo.

"Mwalimu, ile ya kufunga daftari, mngetuanzishia tangu tulipoingia."

Alisema "mngetuanzishia". Nyinyi. Wote. Alikuwa ameelewa tatizo kuliko semina zote nilizowahi kuhudhuria.

*

Najua majibu yanayokuja, kwa hiyo tuyamalize.

Wapo watakaosema tatizo ni lugha: mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha anapewa wiki chache za kozi ya Kiingereza na kutupwa kwenye Biolojia. Nakubali kwamba hilo ni jeraha, na mimi ni miongoni mwa wanaotaka litibiwe. Lakini nilipowapa wanafunzi wangu aya ya Kiswahili, kutoka gazetini, nikawaambia wanieleze mwandishi anadai nini, wengi walinisomea aya nzima. Lugha ikibadilika kesho na namna ya kusoma ikabaki ile ile, tutakuwa na watoto wanaonakili wasichokielewa kwa lugha wanayoielewa. Na kama lugha ni ngeni, basi stadi za kujifunza zinahitajika maradufu.

Wapo watakaosema: wanafunzi 87 darasani, utafanya nini? Kufunga daftari na kuandika hakuhitaji zana, umeme wala mwalimu wa pili. Kunafanyika na wanafunzi 87 kwa urahisi kuliko majadiliano ya vikundi yaliyomo kwenye silabasi. Kinachokosekana ni dakika, na dakika zimeliwa na mada.

Na wapo watakaosema hii ni fikra ya kigeni. Wasome Elimu ya Kujitegemea ya Nyerere, ya Machi 1967. Humo akili inayodadisi imetajwa miongoni mwa mambo ambayo shule inapaswa kuyajenga, pamoja na uwezo wa kujifunza kutokana na yale wanayofanya wengine. Wenzetu wa Kenya, katika mtaala wao wa umilisi, wameandika kabisa kwamba kujifunza jinsi ya kujifunza ni mojawapo ya umilisi saba wa msingi, na tangu Januari 2023 wana watoto wa gredi ya saba katika sekondari ya chini wanaopaswa kuujenga. Sisemi wamefanikiwa. Kuandika jina la stadi kwenye utangulizi wa mtaala hakutoshi kama ndani mada zimebanana vile vile. Lakini wameipa jina, na kitu chenye jina unaweza kukidai.

Sisi nasi tuna nafasi ya kudai, na haitangoja. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, pamoja na watoto wa darasa la tatu. Piga hesabu. Watoto hao watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka huo huo ambao wenzao wa mtaala wa zamani watamaliza la saba. Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mpigo, na mmoja kati yao ni mdogo kwa mwaka mzima. Tunajadili madarasa, madawati na matundu ya vyoo, na ni sawa tujadili. Sijasikia mjadala wa watoto hao watakaa vipi na ukurasa.

Ninachodai ni mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo. Mada za kidato cha kwanza na cha pili zipunguzwe, kwa jasiri wa kukata na si kwa kubadilisha majina ya sura. Muda utakaopatikana upewe vipindi vyake, ndani ya kila somo, na mwalimu wa somo mwenyewe: kusoma aya ya Biolojia kufundishwe kwenye Biolojia, kuandika notsi za Historia kufundishwe kwenye Historia, kujipima kufundishwe kote. Isiwe semina wala somo jipya lenye kitabu chake cha kununua. Na la tatu, ile safu ya maoni ibadilishwe. Isiulize nimefundisha nini. Iulize wangapi wanaweza.

Wewe unayefundisha, huna haja ya kungoja la tatu. Safu ni yako na peni ni yako. Juzi nililifungua lile daftari, nikatafuta wiki ya mvua ya milima, nikakata lile neno kwa mstari mmoja, na juu yake nikaandika ninachokumbuka kutoka kwenye zile karatasi za kwanza: Wanafunzi 87. Waliofunga daftari na kueleza kwa nini kunanyesha Amani: 9. Turudie wiki ijayo.